Maji ya Mto Tana: Haki ya Walio Juu na Walio Chini

Kila jioni tuwashapo taa baada ya Magharibi, ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba sehemu ya nuru ile imetoka mtoni. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya nchi yetu, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi baharini karibu na Kipini. Njiani huzuiliwa na mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yaliyoanza kazi kati ya mwaka 1968 na 1988.

Masinga, lililo juu kabisa, ndilo ghala: huweka maji ya mvua yatumike wakati wa kiangazi. Yakifunguliwa, maji huzungusha mitambo ya umeme, kisha yaleyale hupokewa na bwawa lifuatalo, yakafanya kazi tena. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Kutoka hapo mto hushuka hadi Bura na Hola, ukanywesha mashamba ya mpunga na mahindi.

Lakini neema hii ina upande wa pili. Tangu zama za mababu, Wapokomo wamepanda mpunga wakifuata mafuriko ya msimu, nao Waorma wakalisha ng'ombe wao nyasi zilizoota maji yalipopwa. Mabwawa yameyapunguza mafuriko yale ya kadiri. Mvua ipitapo kiasi, hata hivyo, hufurika, na vijiji vya chini hugharika, kama mwaka 2018 na 2024. Anayebeba watoto na magodoro usiku huo ni mama.

Sisi Waislamu hatukuachwa bila mwongozo. Zubeir bin Awwam (r.a.) alipohitilafiana na jirani yake huko Madina juu ya maji ya kunyweshea mitende, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anyweshe shamba lake, kisha ayaachilie yamfikie jirani. Aliye juu ana haki ya kutangulia. Hana haki ya kumsahau aliye chini.

Basi na tudai mawili: tahadhari iwafikie walio chini kabla ya maji, na wakati wa ukame mto uachiwe maji ya kutosha, bahari isije ikapanda na kutia chumvi mashamba yao. Nasi majumbani tuzime taa tusiyoihitaji, kwani nyuma yake kuna maji ya jirani.