Winga Asimame Wapi?

Katika viwanja vingi vya shule, kuanzia Murang'a hadi Nyeri, ipo desturi ambayo walimu wa michezo wafaa kuitafakari upya. Aghalabu mwanafunzi anayedhaniwa kuwa dhaifu huwekwa pembeni, awe winga, ili asiwatatize wenzake. Naye, akiona mpira haumfikii, huiacha nafasi yake na kukimbilia katikati. Punde si punde wote huwa wamesongamana kama nyuki mzingani.

Neno winga tumelikopa kutoka Kiingereza, na maana yake ya asili ni bawa. Hapana ndege arukaye akiwa amekunja mabawa. Kadhalika, timu isiyo na mtu pembeni huwapunguzia wapinzani kazi, kwani hubaki na njia moja tu ya kulinda.

Wamarekani wamelizingatia suala hili kwa makini katika mpira wao wa kudaka. Katika ligi yao kuu, washambuliaji wasiopungua saba husimama mstarini mchezo unapoanzishwa, na kati ya hao ni wale wawili wa mwisho, mmoja kila upande, wanaoruhusiwa kupokea pasi ya mbele. Mdakaji akisimama mstarini, kisha mwenzake akajipanga mstarini upande wa nje, yule wa ndani hupoteza ruhusa hiyo. Ndipo mmoja hurudi nyuma hatua moja. Hatua hiyo ina faida nyingine: beki hawezi kumbana papo hapo.

Kwetu Kenya, mfano ulio karibu ni raga ya wachezaji saba. Uwanja ni ule ule wa watu kumi na watano, wenye upana wa hadi mita 70. Pasi ya mbele ni haramu, hivyo winga hujipanga nyuma ya mtoa pasi ili aupokee mpira akiwa mbioni. Itakumbukwa kwamba Aprili 2016, huko Singapore, Kenya chini ya kocha Benjamin Ayimba iliilaza Fiji 30-7 katika fainali. Collins Injera, winga wa kutajika, alifunga trai mbili siku hiyo.

Basi winga asimame wapi? Timu yake inapomiliki mpira, ajitenge kiasi cha kumlazimisha beki kuchagua. Beki akimfuata, katikati hufunguka. Asipomfuata, winga huwa huru. Hata hivyo, katika raga asiugande mstari wa pembeni, kwa maana mstari huo ni beki asiyechoka. Ajiachie hatua chache za kupinda.

Wapo watakaosema kwamba viwanja vyetu, vilivyochongwa ubavuni mwa vilima, ni vyembamba mno kwa mafunzo haya. Hoja hiyo haina mashiko. Penye nafasi finyu, kila hatua ya upana ina thamani zaidi.

Hamu ya mchezo haikosekani. Mwaka 2023 vijana wa Murang'a waliishuhudia Murang'a Seal ikipanda hadi Ligi Kuu ya kandanda. Kinachohitajika ni mwalimu kumweleza mwanafunzi aliye pembeni kwamba hakutupwa; kwamba kila beki anayemvuta kwake amewafungulia wenzake njia, hata kama hakuugusa mpira. Mtoto aelewaye sababu ya kusimama pale atasimama. Asiyeelezwa ataondoka, kwanza pembeni, hatimaye mchezoni.