Mabinti wa Sauti ya Tatu

Mazoezi yalikuwa yamekwisha, watu wanakunja viti, binti mmoja wa kwaya hapa Musoma akanisogezea simu. "Mwalimu, hebu msikilize huyu. Ni mwanamke kweli?"

Alikuwa Ado wa Japani, katika wimbo wa "Usseewa" uliotoka Oktoba 2020, mwimbaji akiwa na miaka 17. Sauti inaanzia chini kama ya mtu anayegomba kwa meno yaliyofungwa, inakwaruza, kisha inaruka juu kabisa bila kuaga. "Ni mwanamke," nikamjibu, "kama wewe." Akainamisha uso. Binti huyu amesimama sauti ya tatu tangu ajiunge, katikati ya wanaume, kwa sababu siku ya kwanza mtu alimsikia akaamua kwamba ana sauti ya kiume.

Nimezunguka na kwaya za Musoma, Bunda na Butiama, na mabinti wa namna hii nimewakuta kila mahali. Siwalaumu sana viongozi. Wanaume huadimika mazoezini: huyu yuko ziwani, yule yuko machimboni, na sauti ya tatu haiwezi kukaa tupu. Wamisionari wa Mennonite waliofika Shirati mwaka 1934, kisha wakasogea Bukiroba na Mugango, walikuja na mazoea ya kuimba kwa sauti nne bila chombo chochote. Katika uimbaji wa aina hiyo, sauti moja ikikosekana wimbo unachechemea, na hakuna kinanda cha kuuficha. Basi mama mwenye sauti nzito anahamishwa kuziba pengo, kama mti unaokatwa kuziba ua.

Tatizo liko kooni. Ndani ya zoloto tunazo nyuzi mbili za sauti, ingawa neno nyuzi linapotosha: ni mikunjo miwili ya nyama laini inayogongana pumzi inapopita. Kwa wanawake wengi mikunjo hiyo ina urefu wa kati ya milimita 12 na 17. Kwa wanaume ni 17 hadi 25. Mwanamke akizungumza, hugongana kama mara 200 kwa sekunde, mwanaume kama mara 120. Huo ni wastani tu. Wapo wanawake waliojaliwa mikunjo mirefu na minene kuliko wenzao, na hao ndio wanaomiliki sauti ambayo wanamuziki huiita kontralto. Mwanamke huyo akishuka hadi mitetemo 175 kwa sekunde bado anaimba kwa raha. Sauti ya tatu, hata hivyo, hushuka hadi 130 hivi, na huko wengi wao hubaki na pumzi tu. Sehemu inayomkaa mwanaume wa sauti ya tatu katikati ya kifua, kwa binti ni sakafuni. Tunamwimbisha sakafuni mwaka mzima, halafu tunashangaa Krismasi ikifika hana sauti.

Kuna jambo jingine ambalo watu huchanganya: uzito na nguvu. Sikiliza kanda za hotuba za Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama. Sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya kuchezacheza, na nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bomba, Dar es Salaam. Kwenye ngoma hakuna kipaza sauti. Ama unajifunza kupenya, ama unamezwa.

Kupenya kuna siri yake, na siri hiyo si kelele. Mtu anapoimba kwa sauti ya kifua, mikunjo hunenepa na kufunga sawasawa, hivyo kila mgongano unakuwa mkali. Pumzi inasukumwa kwa kipimo kutoka chini, misuli ya mbavu na tumbo ikiizuia isimwagike yote mara moja. Kisha uwazi ulio juu kidogo ya zoloto hubanwa, na hapo mitetemo ya kiasi cha 3,000 kwa sekunde hupewa nguvu ya ziada. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, ndiye aliyelieleza vizuri jambo hili kwa waimbaji wa opera. Sikio la binadamu lina wepesi wa pekee kwa mitetemo ya eneo hilo, ilhali ngoma na gitaa la besi hujaa chini zaidi. Ndiyo maana mama anayenadi dagaa pale Mwigobero, hapa Musoma, husikika juu ya injini za mitumbwi bila kupasuka koo. Hajasoma muziki, ila ameshajua pa kuiweka sauti.

Mkwaruzo wa Ado ni kitu kingine. Juu ya mikunjo ya kweli iko mingine miwili, ya uongo, ambayo kwa kawaida hukaa kimya. Akiibana, nayo hutetemeka, sauti ikapata ukali wa simba. Mwimbaji aliyefunzwa huibana kwa sekunde chache akaiachia. Asiyefunzwa hukwaruza kwa mikunjo ya kweli, na baada ya miezi anaota vinundu.

Wajapani hawakuanza na Ado. Misora Hibari, aliyeanza kurekodi akiwa mtoto mwaka 1949 na kufariki 1989, aliwashangaza watu kwa kuimba kama mtu mzima. Takarazuka, kundi la maigizo la wanawake watupu lililofanya onyesho lake la kwanza mwaka 1914, lina waigizaji wanaofunzwa kwa miaka kucheza nafasi za wanaume. Sauti zao hushushwa hatua kwa hatua, chini ya walimu. Sisi huwa tunamwambia binti, "Hamia pale," basi.

Kwetu mfano mkubwa ni Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013. Alipotunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa bibi kizee, na sauti yake ilikuwa imezama kuliko ya wanaume wengi jukwaani. Sigara zilichangia, sibishi. Lakini umri nao hufanya kazi: hedhi ikikoma, homoni hupungua, mikunjo huvimba kidogo na sauti ya mwanamke hushuka, wakati ya mzee wa kiume hupanda. Bibi yako anayeimba chini kuliko babu yako hana ugonjwa wowote.

Kwa binti wa leo mimi humtaja Lady Jaydee, Judith Wambura, mzaliwa wa Shinyanga mwenye jina linalosikika kila kijiji cha Mara. Haimbi chini sana, lakini ametulia pale sauti yake inapokaa, na hajawahi kuikimbiza juu ili aonekane wa kike zaidi.

Yule binti nimemrudisha sauti ya pili, mstari wa chini kabisa wa wanawake. Wiki ya pili alianza kusikika hadi mlangoni. Sauti ya tatu imebaki na wanaume wawili, mmoja ana mafua, na mwenyekiti wa kwaya bado hajanisamehe.