Wimbo wa Mtoto wa Moshi Unavyosikika Takaba

Abdullahi Qarshe alizaliwa Moshi mwaka 1924, chini ya Kilimanjaro, mbali na nchi aliyokuja kuiimbia maisha yake yote. Baba yake alipofariki, familia ilihamia Aden, na huko kijana akaanza kuupenda muziki. Alipofika Hargeisa, katika Somalia ya Waingereza, alikuwa na udi wake, ala ambayo Wasomali wengi wa wakati ule waliiona ni ya wahuni. Leo wanamwita baba wa muziki wa Kisomali. Mwaka 1955 yeye na Hussein Aw Farah walianzisha kikundi cha Walaalaha Hargeisa, na katika zama hizo za kudai uhuru akatunga wimbo wa bendera, Qolobaa Calankeed.

Usikilize ukipigwa kwa udi mtupu, bila tarumbeta za bendi ya jeshi, uone kama utaukisia kuwa wimbo wa taifa. Umejaa shauku ya mtu aliye mbali. Bendera unaifananisha na mbingu isiyo na wingu, nyota yake na jua, kisha unamwomba Mungu asiiache ififie. Anayeomba hivyo siku ya furaha ana hofu tayari.

Bendera yenyewe ya Somalia, kazi ya Mohammed Awale Liban, ilipitishwa tarehe 12 Oktoba 1954. Ncha tano za nyota ni maeneo matano waliyoishi Wasomali: Somalia ya Waingereza, ile ya Waitaliano, Djibouti, Ogaden, na wilaya ya mpaka wa kaskazini ya Kenya, yaani NFD. Takaba, makao makuu ya Mandera Magharibi, imo ndani ya ncha hiyo ya tano. Ndiyo maana wimbo huu hapa hausikilizwi kama nyimbo nyingine za zamani.

Kwenye kibanda cha chai, alasiri, termosi ya chai ya maziwa iko mezani na simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari. Wimbo ukianza, mzee ananyoosha mkono kupunguza sauti. Anaupenda, na maneno anayajua hadi mwisho. Lakini yeye ni wa kizazi kilichoona tume ya mwaka 1962 ikizunguka NFD kuuliza watu wanataka nini. Wengi waliiambia wanataka kuungana na Somalia, na Uingereza ikaipuuza ripoti. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Vita vilivyofuata, vilivyoitwa vya shifta, vilidumu hadi makubaliano ya Arusha mwaka 1967, aliyoyasimamia Rais Kaunda wa Zambia, na sheria za hali ya hatari zikabaki mpaka 1991. Katika miaka hiyo, kukutwa ukisikiliza redio ya Mogadishu kungeweza kukuletea maswali usiyo na majibu yake. Mkono umezoea.

Kijana aliyezaliwa baada ya 1991 anamshangaa. Kwake huo ni wimbo wa nchi jirani tu, kama ule wa Ethiopia. Yeye amekomaa na foleni za vetingi, akiitwa mbele ya kamati athibitishe kwamba babu yake ni Mkenya, sharti la ziada ambalo Rais Ruto alitangaza kuliondoa mwaka 2025 akiwa Wajir. Ukisotea kitambulisho namna hiyo, hutamani kusikia habari za bendera nyingine. Yuko pia kijana wa pili, aliyesota foleni ileile, na yeye ndiye anayeongeza sauti. Hawa wawili wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Isitoshe, Takaba ni mji wa Wagarre kwa sehemu kubwa, watu ambao wengi wao huzungumza Kigarre na Kiborana kwa pamoja. Shairi la umoja wa lugha moja linapoingia nyumba yenye lugha mbili au tatu, kuna wanaolikaribisha na kuna wanaouliza kama lilitungwa kwa ajili yao.

Nisiifanye Takaba kituko. Hargeisa, mji ambako Qarshe alijenga jina, iliingia kwenye muungano na Somalia ya Waitaliano Julai 1960 kwa ngoma na vigelegele. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Somalia chini ya Siad Barre ziliipiga mabomu, na waliookoa kanda za Radio Hargeisa walizifukia ardhini. Mwaka 1991 Somaliland, ile Somalia ya Waingereza ya zamani, ikajitangazia utengano na sasa ina wimbo wake. Djibouti ilikwenda njia yake tangu 1977. Mogadishu nayo ilikuja kuufanya Qolobaa Calankeed kuwa wimbo wa taifa mwezi wa Agosti 2012, miaka miwili tu baada ya wanamgambo kuziamuru redio za mji huo zisipige muziki kabisa. Qarshe hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki mwaka 1994.

Kwa maoni yangu, kuufanya wimbo wa taifa kuliupunguza. Wimbo wa taifa husimamiwa wima, mikono ubavuni, na hakuna anayeruhusiwa kuusikiliza kwa namna yake. Qarshe hakuwa mchora ramani. Ni mtoto wa Moshi aliyejifunza kutamani kwao kabla ya kukuona, na mtu huyohuyo alimtungia wimbo Patrice Lumumba, Mkongo asiye na ncha yoyote kwenye nyota ile. Mzee wa kibandani na yule kijana anayeongeza sauti wanausikia vizuri zaidi kuliko gwaride la Mogadishu, kwa sababu wote wawili bado unawasumbua.

Na wanaodhani nyimbo hufuata mipaka ya nchi wakumbuke kwamba tuni ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, ule unaopita Garissa, mji wa NFD hiyohiyo. Ningekuwa mtangazaji wa redio huko, Jumamosi moja ningepiga bembelezi hilo, nifuatishe udi wa Qarshe, kisha nifungue laini za simu. Takaba wapige kwanza.