Chura wa Kisarawe na Nondo wa Kibaha

Katika darasa la falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba kubadilika ni kutoka katika uwezekano kwenda katika utimilifu. Mwalimu huyu alichunguza pia wanyama. Katika maandishi yake kuhusu wanyama, panaposimuliwa kiwavi anavyogeuka kuwa kipepeo, anatajwa pia salamanda, kwamba akipita juu ya moto huuzima. Salamanda huku kwetu hayupo. Barani Afrika anaishi kaskazini tu. Lakini jamaa yake chura tunaye, na nondo tunaye. Tuwalinganishe hao.

Katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, anaishi chura mdogo sana aitwaye kisayansi Mertensophryne micranotis. Urefu wake ni kama sentimita 2 tu. Tofauti na vyura walio wengi, mayai yake hurutubishwa ndani ya mwili wa jike. Jike huyataga katika maji kidogo yaliyotuama kwenye shimo la mti, au hata ndani ya gamba la konokono. Humo humo kiluwiluwi huota miguu hatua kwa hatua.

Nondo wa kiwavijeshi vamizi, adui wa wakulima wa mahindi Kibaha na kwingineko, asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Kiwavi akishashiba mahindi hushuka udongoni na kuwa pupa. Humo sehemu kubwa ya mwili wa zamani huvunjwa na mpya hujengwa. Akitoka ana mabawa, na usiku huruka mbali.

Wote wawili huuacha mwili wa utotoni, na kila mmoja hubaki yule yule. Je, anayeweza kubadilika hivyo ataweza kuishi popote? Hapana. Mti mzee ukikatwa kwa ajili ya mkaa, kiluwiluwi hukosa mahali pa kuwa chura. Uwezekano anao, lakini hauna pa kutimia. Nondo yeye hahitaji mti ule. Tukifyeka msitu na kupanda mahindi, tumemwandalia meza.

Nasi tunaopikiwa kwa mkaa tumo katika habari hii. Tukiulinda msitu, tunalinda hata shimo la mti lenye kikombe kimoja cha maji.