Udongo Unaoilea Saratani

Mwaka 1889 tabibu mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipokwisha kuzipitia habari za wagonjwa 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, alibaini kwamba maradhi yale, yanapohama, hayendi yanakotupwa na damu tu, kwani ini lilikutwa limeshikwa mara nyingi, na bandama, ambayo nayo hupokea damu tele, mara chache mno. Akatoa hoja kwamba mbegu hurushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali.

Udongo huo u ndani ya uvimbe wenyewe pia, maana humo, kando ya seli zilizoasi, mna mishipa ya damu, nyuzi za kolajeni, na seli ziitwazo fibroblasti, ambazo kazi yake ya asili ni kufuma kovu mwili unapojeruhiwa, kisha zitulie. Penye saratani hazitulii. Harold Dvorak wa Marekani, mwaka 1986, aliufananisha uvimbe na jeraha lisilopona, na sisi tulio na neno donda ndugu hatuhitaji sherehe ndefu.

Saratani ya kongosho ndiyo iliyotufunza mengi, na kwa gharama kubwa. Huko kovu aghalabu huwa kubwa kuliko saratani yenyewe, likaibana mishipa hata dawa isipenye. Mwaka 2009 watafiti walipoizima, katika panya, ishara ambayo kwayo saratani huziamrisha fibroblasti, kovu lilipungua na dawa ya jemsitabini ikapenya. Wengi, nami siwalaumu, wakadhani mlango umefunguka. Lakini dawa ya kuizima ishara hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa, walioongezewa juu ya jemsitabini walifariki mapema kuliko waliopewa jemsitabini peke yake, na jaribio likasimamishwa mwaka 2012. Miaka miwili baadaye ikadhihirika, katika panya tena, kwamba uvimbe ulionyang'anywa fibroblasti zake huzidi ukali: kumbe ukuta ule uliozuia dawa isiingie ulikuwa ukiizuia na saratani isitoke.

Ndipo baadhi ya wataalamu walipoacha kuubomoa, wakajaribu kuzirejesha seli hizo katika utulivu wake wa kwanza, na mwaka ule ule wa 2014 dawa ya jamii ya vitamini D, ikichanganywa na jemsitabini, ilirefusha maisha ya panya. Habari ninayoipokea kwa tahadhari, kwa kuwa panya wa mwaka 2009 nao walinufaika.