Makombe ya Bahari na Umri wa Mawe

Hapa kwetu Nkunga mawe yametoka motoni. Mlima Rungwe na milima jirani yake ilitema majivu na mawe yaliyoyeyuka, na udongo unaostawisha migomba yetu umetokana nayo. Mwanafunzi akitafuta kombe la bahari katika mawe hayo hatalipata. Lakini katika nchi ya Lindi makombe yamo miambani, nayo ndiyo yaliyotufundisha umri wa mifupa ya Tendaguru.

Mwaka 1906 Mjerumani Bernhard Sattler aliona mfupa mkubwa mno umejitokeza ardhini huko Tendaguru. Toka mwaka 1909 hata 1913 mamia ya watu walichimba, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaichukua mifupa mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mmoja amesimamishwa katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, na kimo chake chapita mita 13. Lakini wanyama hao waliishi lini? Mfupa hausemi mwaka wake.

Na tufikiri kwanza juu ya jalala. Takataka za leo hutupwa juu ya za jana. Basi za chini ndizo za kwanza. Ukichimba ukakuta heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutolewa mwaka 1904, wajua ya kuwa tabaka lile halikutupwa kabla ya mwaka huo. Ukikuta heller katika jalala la Masoko pia, wasema kwamba matabaka hayo mawili ni ya zama zilizokaribiana, ijapokuwa udongo wake si mmoja. Kipande cha mkaa hakikusaidii, maana mkaa ulikuwako siku zote. Chatakiwa kitu kilichoenea kotekote, lakini kilichodumu muda mfupi tu.

Bahari nayo hufanya vivyo hivyo. Matope na mchanga hutulia tabaka juu ya tabaka, hufunika makombe, na baada ya muda mrefu yote hugeuka mawe. Mwingereza mmoja mpima nchi, William Smith, alitambua kwamba kila tabaka lina makombe yake, na kwamba taratibu yake ni ile ile mahali pengi. Mwaka 1815 akatoa ramani ya mawe ya nchi yake. Heller ya bahari ni amonaiti, mnyama wa jamaa ya pweza na ngisi, mwenye kombe lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Alienea katika bahari nyingi, na maumbo yake yalibadilika upesi. Jamii yake ilikwisha yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Huko Tendaguru matabaka ya mifupa yamepishana na matabaka ya bahari yenye makombe na amonaiti. Wataalamu waliyalinganisha na ya Ulaya na ya Bara Hindi, wakazijua zama zake. Basi mifupa iliyo katikati ni ya zama hizo hizo, yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Lakini makombe huonyesha tu lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Hesabu ya miaka hupatikana katika mawe ya moto, ya namna ya haya yetu, yanapokutwa kati ya matabaka ya bahari. Maana ndani yake zimo chembe zinazogeuka kidogo kidogo kwa mwendo usiobadilika. Hivyo jiwe la moto na kombe la bahari husaidiana.

Kwa hiyo, ukisafiri ukaona kombe mwambani, usiling'oe. Likitolewa pasipo kuandikwa tabaka lake, ushahidi wake umepotea.