Bei ya Kahawa Gisenyi: Mfuko Ulikuwa wa Nani?

Ndugu wafanyakazi, sisi tukitaka nyongeza tunajua mlango wa kubisha: ni kwa mwajiri. Mkulima wa kahawa wa Gisenyi alikuwa na mwajiri asiyejiita mwajiri. Serikali ya Rwanda ndiyo iliyopanga bei, na zao lenyewe lilisimamiwa na shirika lake la OCIR, lililoundwa mwaka 1964. Kilo ya kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa, ililipwa bei moja nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei hiyo ilikuwa faranga 125.

Wengi waliiita ruzuku. Haya, tutazame mkoba ulikotoka. Palikuwa na mfuko wa kusawazisha bei. Soko la dunia lilipopanda, kama mwaka 1986 baada ya ukame wa Brazil, mkulima hakupewa bei ya dunia. Tofauti ilibaki mikononi mwa serikali. Soko liliposhuka, mfuko ulitakiwa kumkinga. Basi sehemu ya fedha aliyosaidiwa nayo ilikuwa jasho lake mwenyewe, lililowekwa akiba bila yeye kuulizwa.

Na hakuwa huru kuliacha zao. Sheria ilikataza kung'oa mibuni. Alitakiwa kutandaza majani shinani, wala asichanganye maharage humo, na aliyezembea aliweza kutozwa faini. Kwenye miteremko ya Ziwa Kivu, ambako shamba la jamaa nzima mara nyingi halifiki hata hekta moja, kila shina la kahawa limekaa mahali pa chakula. Bwana shamba alihesabu mibuni; hakuna aliyehesabu masufuria.

Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na katika miezi michache bei ikaanguka kwa karibu nusu. Mfuko haukuweza kuubeba mzigo huo. Mwaka 1990 serikali ilishusha bei kutoka faranga 125 hadi 100. Tuseme mtu aliuza kilo 200: mwaka mmoja apata faranga 25,000, mwaka unaofuata 20,000, kwa jembe lile lile na mgongo ule ule. Mfanyakazi wa kiwandani akikatwa moja ya tano ya mshahara, sote tungejua la kufanya.

Oktoba mwaka huo vita vikaanza. Novemba faranga ikashushwa thamani, kwa mpango uliokubaliwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa za kutoka nje zikapanda. Wakulima wengine waling'oa mibuni ingawa sheria ilikataza, wakapanda chakula.

Chama cha wafanyakazi CESTRAR kilikuwapo tangu 1985, lakini kilikuwa cha watu wa mshahara. Mkulima huyu, aliyepangiwa kazi, bei na adhabu, hakuwa na kiti alipokatwa.

OCIR haipo tena, na Gisenyi sasa imo katika wilaya ya Rubavu. Halmashauri ya NAEB ndiyo hutangaza bei ya chini kila msimu: mwaka 2024 ilikuwa faranga 480 kwa kilo ya buni mbivu. Mnunuzi aruhusiwa kuzidisha, kupunguza, hapana. Mizani iko kwenye mtambo wa kuoshea, na mkulima husimama kando yake akiutazama mshale.